Udi Wangu Ulivyopanda Milima ya Taita

Basi haya, wenzangu. Tangu nirudi sijapita uchochoro hata mmoja wa Mji wa Kale bila kusikia dirisha likifunguliwa: "Bi Rukia, hebu ingia utupe habari za huko mlimani!" Nikiingia na kuanza, Khadija hunikatiza, Bi Mwanaisha huuliza kama niliona ndovu, kahawa huletwa, na kisa hukatikia hapo. Nimechoka. Nimekaa kitako nikaandika. Mwenye kutaka kusoma na asome, na mwenye kutaka ndovu aende zake Tsavo.

Chanzo chake mwakijua. Ilikuwa Mfungo Mosi, Sikukuu haijapoa, Bi Shufaa wa Kibokoni, yule mwenye duka la vitambaa, akaja kwangu kumposea mwanawe Twahir binti yangu Salma. Kijana mpole, watu wake wajulikana, hana neno. Sharti lao lilikuwa moja: Salma aache kazi ya misitu huko Taita, arudi mjini. Mimi nikaona hilo si sharti, hiyo ni dawa! Tangu mwanangu asomee miti watu wananiuliza kama benki zilijaa. Nikamwambia Bi Shufaa, "Nitakwenda kumleta mwenyewe. Wewe hesabu nimeshamleta."

Salma nilipompigia simu hakukubali wala hakukataa. Alisema hivi tu: "Njoo kwanza upaone, Mama. Ukishapaona, ukiniambia niache, nitaacha." Mnamjua Salma. Akisema kitu amesema. Kwa hiyo nilipofunga safari nilijua neno limo mdomoni mwangu, na wala sikuwa na wasiwasi nalo.

Marikiti, ndani ya lori la kabichi

Wengine mlidhani nilikwenda kwa basi. Nilikwenda na Mama Mghoi. Ni yule mama wa Kitaita, mnene, mcheshi, anayeteremsha kabichi na nyanya pale Marikiti, na mimi ni mteja wake tangu Salma yuko chuoni anasoma alifu. Lori lao huja limejaa, na likishapakuliwa hurudi tupu. Aliposikia nakwenda Wundanyi alinishika mkono. "Bibi, wewe upande basi na mimi nipo? Utakaa mbele na mimi, kama bibi harusi."

Nikaja na vitu vyangu. Kikapu cha nazi, kwa sababu mlimani mnazi hauoti. Mbuzi ya kukunia. Halua. Na ule mfuko wangu niliouangalia kuliko vyote: chetezo, udi, ubani, na makaa ya vifuu vya nazi. Mama Mghoi akachungulia, akacheka mpaka wapagazi wakageuka.

"Makaa? Bibi, unapeleka makaa Taita?"

"Haya ni ya udi," nikamwambia. "Sitatia udi wangu juu ya makaa nisiyoyajua."

Nia yangu sikumficha. Nguo za Salma nilitaka kuzifukiza zote kabla hatujashuka, ili siku Bi Shufaa atakapomkumbatia asisikie harufu ya kabichi wala ya matope. Asikie mtoto wa mjini.

Dereva alikuwa Mwakio, mtu mwembamba asiyesema na watu. Alisema na lori. "Haya mama, twende. Usinune." Mwanzo nilidhani aniambia mimi, nikamjibu kuwa sijanuna. Mama Mghoi alikaribia kuanguka kwa kicheko, na hivyo ndivyo tulivyotoka kisiwani.

Mackinnon, na kile kilichotukuta Maungu

Pale Mackinnon tulisimama msikitini, kama wafanyavyo madereva wote, Muislamu na asiye Muislamu. Mwakio ni Mkristo wa kanisani kila Jumapili, lakini alivua kofia akanisubiri bila kupiga honi hata mara moja. Nilisali, nikaomba dua ya njia, nikanywa chai ya bure yenye tangawizi. Mpaka hapo safari ilikuwa asali.

Baada ya hapo ikaja barabara, au niseme palipokuwa barabara. Mvua za El Nino zilikuwa zimeipasua, na waliokuja kuiziba walikuwa wameziba walipopenda. Lori lilikwenda likiruka, nazi zikigongana kikapuni. Katika mruko mmoja nikasikia *ko!* na maji ya baridi yakanipita miguuni. Nazi moja ilikuwa imepasuka, na maji yake yote yameingia katika mfuko wa makaa. Kumbukeni hapo. Wengi mwaniuliza kwa nini udi wangu ulitoa moshi ule, na jawabu ni nazi ile.

Maungu gurudumu likapasuka. Mwakio akatoa la akiba, nalo halina upepo. Akaliambia maneno ya huzuni sana, kisha akaondoka nalo kutafuta mtu wa kuliziba, sisi tukaingia hotelini kungoja. Nikaagiza mahamri na mbaazi. Ikaja sahani ya vitu vya pembe tatu, nikauma kimoja, nikamwita mwenye hoteli, mwanamke wa makamo aliyevaa kofia ya sufu katika joto lile.

"Mwanangu, hamri hili limesahau nini? Halina iliki, halina tui."

"Mama, hilo si hamri. Ni andazi."

"Nimeagiza hamri."

"Na mimi nina andazi."

Tukatazamana. Mimi sikushindwa na yeye hakushindwa. Mwishowe nilikwenda kwenye lori nikaleta nazi moja na mbuzi yangu, nikakaa juu yake mlangoni pa hoteli, nikakuna. Yule mama aliniangalia, akavua kofia yake, akaleta sufuria. Mwakio aliporudi na gurudumu alitukuta tunakula maharagwe ya nazi na wasafiri wa basi zima wamejipanga kungoja sahani. Mama mwenye hoteli akaniambia nikirudi nipite. Nilirudi, nikapita, na maharagwe ya nazi yalikuwa yamekwisha mapema asubuhi. Hilo ni langu mimi, na limebaki pale.

Kutoka Mwatate kwenda juu

Ukitoka Voi ukapita mashamba ya mkonge ya Mwatate, unaona mlima umesimama mbele yako, unajiuliza njia iko wapi. Njia ipo. Yapinda, yarudi, yapinda tena, na kila ikipinda ulipotoka unapaona chini ya miguu yako. Nilishika leso yangu nikasoma kila dua niliyokuwa nayo. Mama Mghoi alikuwa anakula muwa.

Lakini baada ya kuzoea nilianza kutazama. Jamani! Sisi tunaonunua kabichi tukizibonyeza na kuzitupa, hatujui zatoka wapi. Mashamba yamekatwa ngazi ngazi mlimani, kila ngazi na ukuta wake wa mawe, migomba imesimama ukingoni, na maji yanashuka kwenye vijito vyembamba kutoka juu, saa zote, katika kaskazi ile ambayo sisi huku tulikuwa tunajipepea. Hewa ikapoa. Nikamwomba Mwakio afunge dirisha, na hapo ndipo aliponiambia neno lake la kwanza: "Bado, Bibi. Hii bado si baridi."

Katika kona moja nikaona upande mzima wa mlima mweusi. Vigogo vimesimama vimeungua, chini mawe matupu. Mama Mghoi akaacha kucheka.

"Hapo palikuwa na miti ya misonobari, na juu yake msitu wa asili," alisema. "Mtu alikwenda kurina asali na kijinga cha moto. Upepo ukachukua. Tulipigana nao kwa matawi, wanawake, wanaume, watoto. Kijito cha chini hapo kikakauka. Shamba langu lilikunywa hapo."

"Na aliyewasha?"

"Alikimbilia Voi. Ndiyo maana sasa tuna kamati, mimi nimo. Sheria tulitunga wenyewe mbele ya binti yako. Kiangazi hakuna moto juu ya mpaka wa msitu. Atakayewasha atabeba maji ya miche asubuhi nzima, kutoka kijitoni mpaka kitaluni, mbele ya watu. Awe mtoto wa nani."

Nikasema vizuri, sheria nzuri sana. Nilisema kwa moyo safi kabisa.

Nyumba ya Salma

Salma alinipokea juu kabisa, mahali ambapo mashamba yanaisha na msitu unaanza. Kwanza sikumjua. Nilimwona mtu aliyevaa yunifomu ya kijani, mabuti ya mpira mpaka magotini, mtandio kichwani, ana matope mpaka viwiko, anapigia kelele watu wawili waliobeba miche vibaya. Nikasema, "Maskini, huyu naye mama yake yuko wapi?" Kisha akageuka, akakimbia, akanirukia na matope yake yote.

Jirani zake walileta chakula. Waliniamkia kwa Kitaita, nikawajibu kwa Kiarabu, tukaelewana. Chakula kilikuwa kimanga: muhogo, viazi vitamu na maharagwe, vimepondwa pamoja mpaka vimekuwa kitu kimoja kizito. Nikauliza nazi iko wapi. Wakaangaliana. Salma akaninong'oneza, "Mama, kula tu." Nikala. Nikaongeza. Nawaambia ukweli, baada ya baridi ile kile ndicho chakula, na mwenye kukicheka aje akicheke mbele yangu.

Nyumba yake ni ya mbao, chumba na ukumbi, kando ya kitalu cha miche. Safi, lakini ukungu! Mlima ule asubuhi huvaa wingu, na wingu huingia mpaka kabatini. Blanketi zake, nguo zake za Sikukuu nilizomshonea mwenyewe, zote zanuka uvundo. Nilikunja pua, nikapapasa mfuko wangu wa udi, nikasema moyoni: dawa yako ninayo.

Salma alipikia stovu ya mafuta ya taa, ndani. "Mama, nje usiwashe moto," aliniambia. "Hata wa chai." Nikamwambia nimeshaambiwa na Mama Mghoi, na mimi si mtoto.

Ndani ya msitu

Asubuhi alinitia mabuti ya jirani, akanipeleka msituni. Nilikuwa nimejiandaa kuona miti. Miti naijua, nimezaliwa chini ya miembe na minazi, nikafikiri huko ni mingi zaidi basi.

Wallahi si hivyo. Unaingia, na jua linabaki nje. Mti mmoja shina lake hatukuweza kulizunguka mimi na Salma tukishikana mikono, na mizizi yake imetoka ardhini imesimama kama kuta, ungeweza kutandika mkeka katikati ukalala. Magome yamevaa manyoya ya kijani. Juu ya matawi yameota majani mengine, na juu ya majani hayo maua meupe madogo, hayajawahi kugusa udongo. Ilikuwa kiangazi, mvua hakuna, na bado kulikuwa na matone yanaanguka. *Tip. Tip.* Nikauliza mvua hii ya wapi.

"Ni wingu, Mama. Miti inalishika kwa majani, linakuwa maji, linashuka chini. Vijito vyote ulivyoviona njiani vimeanza hapa. Pale palipoungua wingu linapita tu, hakuna wa kulishika."

Alinitajia majina ya miti, ya Kitaita na ya kitabuni, sikushika hata moja isipokuwa podo, kwa sababu mbao zake tunaziona madukani. Mbao nimeziona maisha yangu yote. Mti wenyewe nilikuwa sijaonana nao. Akanionyesha ndege mdogo anayechakura majani chini, akaniambia ndege huyo duniani yuko katika misitu ya milima hii tu. Alisema hivyo huku amejishika kiuno, kama kwamba amemtaga yeye.

Kisha tukatoka upande wa pili, penye jabali, wingu likafunguka. Chini kabisa nyika ya Tsavo, kavu, nyekundu, haina mwisho. Na mbele yetu milima mingine, jirani na jirani, kila mmoja una kipande cha msitu kileleni kama kofia ya mtoto iliyo ndogo, na katikati yao mashamba matupu.

"Zamani ulikuwa msitu mmoja," Salma akasema. "Sasa ndege wa kilima hiki hafiki kile. Mbegu za mti huu hazifiki kule. Unaona ule mstari?"

Niliuona. Kamba nyembamba ya miti michanga, imetoka msitu huu, imeshuka bondeni, inapanda kwenda msitu wa mlima wa pili. Haijafika.

"Kila mwenye shamba ametoa ukingo wake," alisema. "Si kwa amri. Wameniamini tu. Nikiondoka sasa hivi, Mama, sijui kama mstari huo utafika."

Nilimwambia mabuti yananibana.

Udi

Siku ya pili Salma alikwenda mlima ule wa pili na watu wake. Nikabaki peke yangu. Jua likatoka, wingu likaondoka, upepo umetulia. Nikasema hii ndiyo siku yenyewe. Nikatoa nguo zote, blanketi, shuka, yunifomu, nikazitundika juu ya ua wa kitalu pande zote, nikaweka chetezo katikati.

Sasa nisikilizeni, nyinyi ni watu wa Mombasa, mtanielewa. Mimi sikuwasha moto. Moto ni wa jiko, ni wa kuni, ni wa takataka. Udi ni udi. Mwafukiza nguo kila Ijumaa, mwafukiza wageni, mwafukiza chumba cha mzazi na mwanawe mchanga. Nani kati yenu aliwahi kusema "nawasha moto" akimaanisha udi? Hata wazo halikunijia.

Ila makaa yalikuwa yamelowa maji ya nazi, hayakushika. Nikaokota majani makavu ya msonobari, yamejaa pale chini kama sindano, nikaongeza. Yakashika vizuri mno. Nikarudisha makaa juu yake, na makaa mabichi yakaanza kufuka. Nikatia udi, nikatia ubani, nikaona moshi unakwenda upande mmoja, nikatia ubani tena, nikachukua kipepeo changu nikapepea. Moshi ukapanda. Mweupe, mnene, umenyooka juu ya miti, na harufu yake, masha Allah, sijapata kuisikia hata katika harusi.

Kwanza nikasikia debe likigongwa huko chini. Kisha jingine. Kisha filimbi, kisha kelele za watu bonde zima. Nikafikiri wana sherehe. Mara wakatokea: watu wanakimbia kupanda mlima, wameshika matawi mabichi, majembe, ndoo, na mbele yao wote, mnene kama alivyo, Mama Mghoi, amejifunga leso kiunoni, tawi begani, hana pumzi.

Wakasimama. Wakanitazama mimi, buibui langu, kipepeo changu, na chetezo changu kinafuka katikati ya nguo za ndani za binti yangu.

"Bibi," akasema Mama Mghoi alipopata pumzi, "ni nini?"

"Ni udi," nikasema.

Mtu mmoja akamimina ndoo yake ya maji juu ya chetezo. *Shiii*. Udi wangu ule, niliouweka tangu harusi ya dada yangu!

Salma alifika akitokea mlima wa pili, amekimbia njia nzima, mtandio umeanguka mabegani, macho mekundu. Aliponiona mzima alishika ukuta. Watu wakaanza kucheka, na mimi nikaona yamekwisha. Lakini kulikuwa na bwana mmoja nyuma, mrefu, uso mkavu, hakucheka.

"Mimi mwaka jana nilibeba maji kwa ajili ya sigara," alisema. "Sigara moja. Mke wangu aliniona, watoto wangu waliniona. Leo ni mama wa bibi miti. Tutafanyaje?"

Kicheko kikakatika. Watu wote wakamgeukia Salma. Nikaona pale, wenzangu, wala sikuhitaji kuelezwa. Ule mstari wote wa miti, bonde zima, ulikuwa umening'inia kwenye mdomo wa mwanangu. Akisema "huyu ni mgeni, ni mtu mzima, msameheni," hakuna ambaye angembishia usoni. Wangekwenda zao, na kesho kila mtu angejirudishia ukingo wa shamba lake.

Salma akapandisha mtandio kichwani.

"Mama yangu atabeba," akasema, "kama ulivyobeba wewe."

Ah! Nilipandwa na hasira. Mimi? Na umri huu? Mtoto niliyemzaa kwa tabu, nikamlea peke yangu tangu babake afariki, anihukumu mbele ya watu wenye matawi? Nilifungua kinywa nimpe neno. Nikamwangalia. Alikuwa ananitazama machoni, machozi yamemjaa, na hakuinamisha kichwa. Na hasira ile ile, sijui iligeukaje, ikawa fahari, ikanijaa kifua. Benki gani! Watu wazima wamepanda mlima mbio kwa sheria iliyotungwa mbele ya mwanangu, na mwanangu hakuivunja hata kwa mamake.

"Nisamehe, Mama," akaninong'oneza.

"Ndoo iko wapi?" nikasema, kwa sauti, wote wasikie.

Kutoka kijitoni

Kesho yake nilibeba. Mama Mghoi alinitia ngata kichwani, akanifundisha kuweka tawi la majani ndani ya ndoo maji yasimwagike. Njia yapanda, yateleza, na watu walikuwa wamekaa ukingoni kunitazama, kina mama na visu vyao vya kumenya viazi. Nilivaa leso zangu mpya. Kama ni kutazamwa, nitazamwe vizuri.

Pale penye mawe nilisimama kidogo kuvuta pumzi. Yule bwana wa sigara akaja, akanyoosha mikono aipokee ndoo.

"Iache," nikamwambia. "Wewe ulibeba yako. Hii ni yangu."

Akatabasamu. Alikuwa na tabasamu zuri, sijui kwa nini alilificha. Akatembea kando yangu mpaka juu, hakuigusa ndoo, lakini alikaa upande wa bonde nisianguke. Nikamwagia miche, safu baada ya safu, mpaka jua likapanda. Salma alikuwa mwisho wa safu, ananipokea ndoo na kunirudishia tupu. Mwisho kabisa akanipa mche mmoja wa podo niupande kwenye mstari, upande wa kushuka bondeni.

"Utakuwa mkubwa lini?" nikamuuliza.

"Mimi na wewe hatutauona."

"Na bado wapanda?"

"Na bado napanda."

Nikaukandamiza udongo kwa vidole vyangu mwenyewe. Kisha nikamuuliza lile lililonileta: Twahir amtaka au hamtaki? Akakaa chini juu ya ndoo.

"Simkatai, Mama. Namkumbuka, ni mtu mwema. Lakini asiyepaona hapa hanijui. Sasa wewe umepaona. Sema."

Nikamwambia, "Fanya kazi yako." Sikuwa na zaidi. Alilia, na mimi nikalia, na Mama Mghoi aliyekuwa hajui tunalia nini akalia pia.

Kibokoni

Nilishuka na lori la kabichi lile lile. Sikwenda nyumbani kwanza. Nilikwenda moja kwa moja Kibokoni, na buibui langu lina matope pindoni, nikamkuta Bi Shufaa ukumbini na dada zake, chai tayari, sambusa tayari, macho yao yote mlangoni nyuma yangu.

"Mtoto yuko wapi?" akauliza.

"Yuko kazini."

"Si ulisema umeshamleta?"

"Nilisema kabla sijaona. Sasa nimeona. Mwanangu haachi kazi ile, Bi Shufaa, na mimi ndiye ninayesema haachi. Ana mlima mzima unamsikiliza. Kama mwanao amtaka, njia niliyopita mimi ipo. Na apande akamwone pale alipo, akirudi bado amtaka, mlango wangu u wazi."

Dada mmoja akanusa buibui langu, nikamwona, na sikujali. Bi Shufaa akaweka kikombe chini.

Twahir alikuwa ameingia kutoka dukani, amesimama kwenye pazia, sijui tangu lini. Akaja akanibusu mkono kama ilivyo adabu yake. Mamake akamwambia, "Umesikia maneno hayo?"

"Nimesikia, Mama." Kisha akanigeukia mimi, uso umemwiva. "Bi Rukia, hilo lori la kabichi laondoka Marikiti saa ngapi?"

Nikamwambia akamuulize Mama Mghoi, na achukue sweta. Na udi auache nyumbani.